Naomba ushauri: nisome jeni zipi za virusi vya rota kwa bajeti ndogo?

Mleta mada
Habari zenu wanajukwaa. Ninasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu virusi vya rota katika kinyesi cha watoto wa chini ya miaka 5 waliolazwa kwa kuharisha. Tanzania ilianza chanjo ya rota mwaka 2013 kwa kirusi kimoja kilichodhoofishwa cha aina ya G1P[8] (G na P hutaja aina za protini mbili za nje za kirusi), hivyo nataka kujua ni aina zipi zinazowapata watoto waliochanjwa. Fedha zangu zinatosha kusoma jeni za protini hizo mbili tu, VP7 (G) na VP4 (P). Je, zitatosha?

Mtu wa Maabara
Ndugu, jeni hizo ndizo zinazokupa G na P, lakini kirusi cha rota kina vipande 11 vya RNA, na virusi viwili vikiingia katika seli moja vinaweza kubadilishana vipande. Japani mwaka 2012, na baadaye Malawi, zilionekana G1P[8] ambazo vipande vyake vingine ni vya ukoo wa DS-1 badala ya Wa (koo mbili kuu za kijenetiki za virusi vya rota kwa binadamu; G1P[8] kwa kawaida ni ya Wa). Ukisoma jeni mbili tu, hizo zitapita mbele ya macho yako bila kutambuliwa. Anza na jeli ya poliakrilamaidi, inayotenganisha vipande vya RNA kuwa mistari kwa ukubwa wake, na ambayo ni rahisi: ukoo wa DS-1 kwa kawaida huonyesha kipande cha 11 kikiwa kimechelewa na kusimama juu ya cha 10. Sampuli zilizo na mpangilio huo, zisomee pia VP6, jeni ya protini ya ndani inayosaidia kuonyesha ukoo.

Daktari wa Watoto
Naongeza la wodini, maana hapa ndipo tafiti nyingi huharibika. Tarehe za chanjo zinakiliwe kutoka kwenye kadi ya kliniki, si kwa kumbukumbu ya mama aliyekesha na mgonjwa. Mtoto aliyepewa dozi yake ya wiki ya 6 au ya 10 siku chache zilizopita anaweza kutoa kirusi cha chanjo yenyewe, nawe ukakihesabu kuwa ni ugonjwa. Pima pia norovirusi na adenovirusi 40 na 41, ambavyo navyo husababisha kuharisha. Tena usiseme chanjo imeshindwa kwa sababu umekuta G2P[4], aina tofauti na ya chanjo, kwa waliochanjwa, kama huna wasiochanjwa wa kulinganisha nao.

Mleta mada
Nashukuru sana. Jeli hiyo itafaa kwa sampuli zote?

Mtu wa Maabara
Hapana. Sampuli yenye virusi vichache haitaonyesha mistari, kwa hiyo hizo zipeleke moja kwa moja kwenye VP6.