Mjadala: Mti aliopanda mwanamke kwenye kihamba cha ukoo ni wa nani?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kuzungukazunguka. Masika yakikaribia, miche inagawiwa vijijini kwa jina la kilimo mseto, yaani miti na mazao shamba moja, na kumwinua mwanamke. Akina mama wanapokea, wanapanda, na kiangazi kikija wanabeba maji ndoo kwa ndoo mpaka miche ishike. Msimamo wangu ni huu: mradi unaompa mwanamke miche kabla jina lake halijaingia kwenye hati ya hakimiliki ya kimila, ile ya kijiji inayoonyesha mwenye ardhi, unamwongezea kazi tu.

Nazungumzia Kilimanjaro kwa sababu ndiko ninakokujua. Kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga linalozunguka nyumba, kinasifiwa duniani, na mwaka 2011 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa kihamba wa kijiji cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Sifa hizo ni za haki. Juu kabisa kuna miti mirefu ya mruka na mringaringa, chini yake migomba, kisha kahawa, halafu magimbi, mboga, na viazi vikuu vinavyoparamia mashina. Majani yanayodondoka yanarutubisha udongo na kivuli kinatunza unyevu. Sasa, nani anakata majani ya ng'ombe wa zizini? Nani anapeleka samadi kwenye mashina ya migomba? Mama. Na kihamba kinarithiwa na nani? Mtoto wa kiume.

Jambo hili linaonekana hata kwenye aina ya miti. Waulize akina mama wangependa kupanda nini, wengi watakutajia kaliandra au lusina. Hiyo ni miti ya malisho, anaikata kila wiki na hakuna wa kumuuliza. Mgrevilea, mti wa mbao, ni habari nyingine. Ameupogoa miaka na miaka, matawi amepikia, lakini shina likifika la kupasua mbao, anayepatana bei na mpasuaji ni baba, au shemeji ikiwa baba hayupo tena. Nimeliona hilo kwa jirani yetu mjane. Alirudi kutoka sokoni akakuta mgrevilea wake umelazwa juu ya migomba iliyokuwa na mikungu, shemeji zake wanahesabu mbao. Akaambiwa achukue matawi.

Mtu atasema sheria ipo. Ipo kweli. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo kinasema mwenzi anayeiendeleza kwa nguvu zake ardhi iliyo kwa jina la mwenzake anapata maslahi katika ardhi hiyo. Lakini kuidai haki hiyo kunataka ushahidi, nauli, na ujasiri wa kusimama mbele ya wakwe. Jina likiwa kwenye hati tangu mwanzo, hana haja ya kuanza kuthibitisha kila ndoo ya maji aliyobeba.

Kuna wanaosema mwanamke akimilikishwa, ardhi ya ukoo itaangukia mikononi mwa wageni. Hoja hiyo ilishafika mahakamani. Huko Kagera, Holaria Pastory aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama aliyonayo mwanamume. Na tuseme ukweli: vihamba vinavyokatwa viwanja huku kwetu vinauzwa na watoto wa kiume, na ukoo unanyamaza.

Hoja ya kwamba hati ya majina mawili, la mume na la mke, itavuruga ndoa naichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu baadhi ya akina mama wenyewe ndio wanaoisema. Mke akiomba jina lake liandikwe, ataonekana anapanga kuachika, au vibaya zaidi, anasubiri mume afe. Ndiyo maana nasema asiachiwe yeye kuomba. Halmashauri ya kijiji inapopima mashamba, majina mawili yawe ndiyo kawaida, na anayetaka jina moja ndiye aeleze sababu mbele ya kikao. Hapo hakuna mke atakayenyooshewa kidole, maana hakuna aliyeomba kitu. Wenye miradi ya miche nao waseme wazi: kijiji kisichofanya hivyo kisubiri.

Mlio kwenye vijiji vilivyokwisha kupimwa, hasa nje ya Kilimanjaro, leteni mifano. Hati zenu zina jina la nani, na siku ya kupima mipaka mke aliitwa shambani au aliachwa jikoni akiwapikia wapimaji?