Naomba ushauri: ridhaa ya mzazi na siri ya kijana katika utafiti

Ndugu wanajamvi, shikamooni wakubwa. Ninaandaa hapa Tanga mjini utafiti mdogo wa kuboresha huduma za afya ya akili na za matumizi ya bangi na pombe kwa vijana wa miaka 14 hadi 17, ambao kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 bado ni watoto, hivyo naomba ridhaa ya mzazi pamoja na ya kijana mwenyewe. Tulipojaribu dodoso, waliofuatana na wazazi walikana kila kitu (mmoja alimtazama mama yake hata alipoulizwa umri). Nilipowahoji faraghani, bado waliuliza nani atasoma majibu. Je, fomu iandikweje ili mzazi aelewe mada bila kudai majibu? Na kijana akitaja nia ya kujiua, nimwarifu nani kwanza?