Treni ya mjini Dar: kutuita kutoa maoni wakati mstari na vituo vimeshachorwa si ushirikishwaji!

Wakuu,

Kila ukija mradi wa usafiri Dar, mtindo ni uleule. Mshauri elekezi anamaliza upembuzi yakinifu, mstari unachorwa, vituo vinapangwa, ndipo karatasi inabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa: kikao cha maoni, Jumanne saa nne asubuhi. Saa hiyo bodaboda yuko kijiweni, mama lishe yuko jikoni, mwajiriwa yuko kazini. Ukutani wametundika ramani ya Kiingereza iliyobana jiji zima kwenye karatasi moja, nyumba yako huioni hata kwa miwani. Unasaini mahudhurio mlangoni, kisha sahihi yako inakuwa kiambatisho cha ripoti, ushahidi kwamba wananchi wameafiki. Hapana! Kuhudhuria si kuafiki.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai umma ushirikishwe kwenye tathmini ya athari. Tatizo ni kwamba tathmini inakuja wakati mstari umeshakaa, kwa hiyo tunaulizwa habari za vumbi na kelele. Treni ipite wapi na isimame wapi, hayo hatuulizwi.

Hasara yake tumeshaiona Jangwani. Desemba 2011 mafuriko ya Mto Msimbazi yaliua watu jijini, na kaya za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Bado karakana ya mwendokasi ikajengwa bondeni palepale, huduma ikaanza Mei 2016, na maji yamekuwa yakiingia na kuharibu mabasi, tena si mara moja. Mkazi yeyote wa pale angewaonyesha alama ya maji ukutani. Reli ya Ubungo nayo inavuka Msimbazi huohuo. Mkiweka kalavati dogo, tuta la reli linageuka bwawa: maji yanapanda upande wa juu, yanaingia majumbani, halafu yanakula udongo wa tuta mpaka mataruma yanabaki yananing'inia. Kipimo cha mvua peke yake hakitoshi kusanifu pale. Piteni nyumba kwa nyumba na futi kamba, pimeni maji yalifika wapi mwaka gani.

Sasa vivuko, maana hapa ndipo watu wanapokufa. Reli ya umeme kama ya SGR, ile reli ya kisasa ya kwenda Morogoro, ina nyaya za kilovolti 25, kwa hiyo daraja la waenda kwa miguu lazima lipite juu kabisa. Chukulieni sakafu yake iwe mita 7 kutoka relini. Kwa ngazi za sentimita 16, hizo ni ngazi 44 kupanda na 44 kushuka. Ukiweka mteremko wa kiti cha magurudumu wa 1 kwa 12, unahitaji mita 84 kila upande, bado hujaweka sehemu za kupumzikia. Mama mwenye ndoo ya samaki kichwani na mtoto mgongoni hapandi hizo. Atatafuta tundu kwenye uzio, na kama halipo litatobolewa, kwa sababu shule iko upande huu na soko upande ule. Pale ambapo tuta limeinuka, njia ya chini ndiyo jawabu: mita 3 za kushuka zinatosha mtu na mkokoteni, mradi iwe na taa na mtaro wa kutoa maji. Ila ili ujue pa kuiweka lazima uhesabu watu wanaovuka, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili, na tena jioni, siku ya kazi na siku ya gulio. Hiyo hesabu inafanyika kabla ya usanifu wa kina. Tuta likishamwagwa, kulitoboa ni gharama kubwa na treni zinasimama.

Vituo navyo. Treni ya SGR ikitoka katikati ya jiji, kituo kinachofuata ni Pugu, kama kilomita 20 mbele. Kwa safari ya Morogoro sawa, kwa mtu wa Vingunguti au Gongo la Mboto haina faida yoyote. Treni ya mjini inataka kituo kila kilomita moja hadi moja na nusu. Kweli kila kusimama kunakula kama dakika mbili, na wananchi wanaweza kabisa kuchagua wapi treni isimame na wapi iruke, wakipewa hesabu hiyo waziwazi.

Na msituuzie reli ya njia moja, treni za kwenda na kurudi zikitumia njia hiyohiyo! Sehemu za kupishana zikiwa kilomita 6 mbalimbali na treni inakwenda wastani wa kilomita 40 kwa saa, kila kipande kinakula dakika 9 kwenda na 9 kurudi. Maana yake treni moja kila dakika 20 kwa kila upande, ikiharibika moja zote zimekwama. Kama njia ya pili itahitajika, eneo lake litengwe na lilipiwe sasa, watu wasije kubomolewa mara mbili.

Fidia: kanuni za 2001 zinatoa posho ya makazi ya kodi ya miezi 36 na faida halisi ya biashara kwa miezi 36, pamoja na posho ya usumbufu na usafiri. Mwenye genge hana hesabu zilizokaguliwa, anaambulia patupu. Waelezwe mapema waanze kutunza daftari la mauzo, kabla mthamini hajapiga X.

Tunachodai ni vikao vya kila mtaa, jioni na Jumamosi, kabla mstari haujafungwa, na njia mbadala mbili au tatu mezani. Ramani ziwe za Kiswahili, za kipimo cha 1:2,500 ili paa la nyumba lionekane. Kila hoja ipewe namba na ijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30: imekubaliwa, imekataliwa, kwa nini. Majibu yabandikwe palepale ofisi ya mtaa.

Wenye muhtasari wa vikao vya mitaa yenu, wekeni hapa tulinganishe kilichosemwa na kilichoandikwa kwenye ripoti. Futeni majina ya majirani kwanza.