Baharia akiumia kazini Ziwa Nyasa, nani amlipe: mwenye meli au Mfuko wa Fidia?

Mwalimu wa Ipinda, Kyela

Ndugu zangu, nawasalimu. Mdogo wangu alikuwa baharia kwenye tishari la mizigo hapa Ziwa Nyasa. Miezi saba iliyopita, walipokuwa wakilifunga gatini, kamba iliyokazwa kwa winchi ilikatika, ikarudi kwa nguvu na kumvunja mkono wa kulia juu ya kiwiko. Mfupa umeunga, lakini vidole vitatu havikunjiki, na leo hawezi kushika jembe la kulimia mpunga. Mwenye chombo alilipia hospitali kwa wiki mbili, akaleta nyumbani shilingi laki tatu alizoziita mkono wa pole, kisha akasema kwamba walikubaliana kwa mdomo, safari moja moja, na safari ile imekwisha.

Ninayotaka tujadili ni makubwa kuliko ya mdogo wangu. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, na tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Je, sheria imweke baharia katika mfuko mmoja na mchuma chai wa Mufindi, au atungiwe sheria yake inayombana mwenye meli moja kwa moja?

Wakili, Mbeya mjini

Ndugu Mwalimu, mpe pole mdogo wako. Mkataba wa 2006 ni mzuri: unamtaka mwenye meli agharimie matibabu na mshahara wa baharia aliyeumia, na sheria ya nchi ikiweka ukomo wa dhima hiyo, ukomo huo hauruhusiwi kupungua wiki 16. Tangu Januari 2017 unataka pia meli iwe na hati ya bima kwa ajili ya kifo na ulemavu wa kudumu. Lakini mkataba huo huo umeziacha nje meli zinazosafiri katika maji ya bara pekee. Baharia wa ziwa letu, ambalo mawimbi yake yanazamisha vyombo kama ya baharini, hamo.

Kinga yake ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayowahusu waajiriwa wa sekta ya umma na binafsi Tanzania Bara, na ambayo haianzi kwa kuuliza ajali ilisababishwa na kosa la nani. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake kwa muda usiozidi miezi 24, na ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Suala la mkataba wa mdomo lisiwatishe. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamdhania mtu kuwa mwajiriwa ikiwa, kwa mfano, amemfanyia mwenzake kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Ila pelekeni taarifa sasa, kwa sababu miezi 12 ikipita tangu siku ya ajali, haki hiyo inapotea.

Baharia mstaafu, Matema

Mwanangu Mwalimu, namheshimu Wakili, lakini mfuko peke yake hautoshi. Nimefanya kazi baharini miaka mingi, katika meli za bendera za kigeni. Mwenzetu wa chumba cha injini aliungua kwa mvuke kifuani na mikononi, akashushwa katika bandari ya ugenini pamoja na begi lake, nasi tukang'oa nanga usiku uleule. Mwenye meli alikuwa jina tu kwenye karatasi. Kitu pekee kilichokuwa na thamani mbele ya macho yetu kilikuwa meli yenyewe. Kwa hiyo sheria iseme wazi kwamba deni la baharia aliyeumia linaifuata meli, hata ikiuzwa, na kwamba inaweza kuzuiwa bandarini mpaka deni lilipwe.

Jambo la pili ni daftari la meli. Nahodha ndiye anayeandika ajali, na nahodha anakula kwa mwenye meli. Aliyeumia apewe nakala ya maandishi hayo kabla hajashushwa.

Mwanafunzi wa sheria, Iringa

Shikamoo mzee wangu, na shikamoo Wakili. Naomba niongeze historia kidogo, kwa kuwa swali hili limewasumbua wengi kabla yetu. Sheria ya fidia ya Uingereza ya mwaka 1897 iliwaacha mabaharia nje. Waliingizwa mwaka 1906. Marekani ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1903 Mahakama ya Juu, katika shauri la meli Osceola, ilisema baharia aliyeumia anastahili matunzo, matibabu na mshahara, lakini hana fidia kwa uzembe wa nahodha au wa mabaharia wenzake. Bunge lao lilirekebisha hilo mwaka 1920 kwa sheria inayoitwa Jones, iliyompa baharia haki ya kumshtaki mwajiri wake kwa uzembe, kama mfanyakazi wa reli.

Kushtaki, hata hivyo, kunataka ushahidi wa uzembe. Nani atathibitisha kwamba kamba ilikuwa imeoza, ikiwa imeshatupwa ziwani? Mimi ningependa mfuko umlipe baharia kwanza, bila kumsubirisha, kisha mfuko wenyewe, wenye mawakili na fedha, umfuatilie mwenye meli mzembe na hata kuizuia hiyo meli anayoisema mzee.

Mwalimu wa Ipinda, Kyela

Nimewasoma wote kwa makini, ahsanteni sana. Jana nilikwenda bandari ya Itungi. Kamba haikutupwa: mwenzake mmoja alikata kipande cha kama pima moja akafungia mbuzi, na nyuzi zake za ndani zimekuwa nyeusi, zinachambuka mkononi. Mabaharia wawili wamekubali kuandika maelezo na kutia saini. Jumatatu nitapanda basi na mdogo wangu kwenda kwa ofisa kazi Mbeya, na kipande hicho tutakibeba.