Ushauri: mdogo wangu anaweza kuvaa bangili ya elektroniki badala ya kukaa gerezani?

Fundi wa Katuba
Nawasalimu nyote hapa Lubumbashi, Kongo (DRC). Mdogo wangu alikuwa akiuza vifaa vya simu katika duka la mtu, na kila wiki alikwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kuchukua mzigo. Hesabu ilipungua, mwenye duka akamshitaki kwa kuvunja uaminifu, na sasa ni wiki ya 5 yuko gerezani bila kuhukumiwa. Hakumpiga mtu wala hakuvunja mlango wa mtu. Inahofiwa kwamba akiachiliwa atavuka mpaka na kuingia Zambia, na mimi mwenyewe siwezi kuicheka hofu hiyo, maana njia ile anaijua sana. Binamu yetu aliye Ubelgiji anasema kwamba huko angefungwa bangili mguuni na kufuatiliwa akiwa nyumbani. Kijana mmoja hapa mjini ameahidi kututafutia bangili hiyo kwa dola 300. Tumlipe?

Mtetezi wa Kamalondo
Ndugu yangu, usimpe hata faranga moja. Dekreti, yaani amri yenye nguvu ya sheria, inayoongoza mashtaka ya jinai nchini mwetu ni ya tarehe 6 Agosti 1959, na hakimu wa kwanza kumfunga mtu bangili hiyo alifanya hivyo mwaka 1983, huko Albuquerque, Marekani. Basi dekreti hiyo iliandikwa kabla bangili haijajulikana, na hakimu wetu hawezi kuamuru kitu ambacho sheria haikumpa. Hata hivyo, dekreti hiyohiyo inaruhusu uhuru wa muda kwa dhamana ya fedha, na inampa hakimu uwezo wa kumwamuru mshitakiwa akae mahali fulani, asivuke umbali uliowekwa, asifike sehemu fulani, kama vile stesheni au bandari, na ajitokeze mbele ya afisa kwa siku zilizopangwa. Hayo ndiyo bangili inayoyalinda. Tofauti ni kwamba kwetu mlinzi ni mtu, si mtambo. Ombeni ninyi wenyewe asivuke mipaka ya mji na asiguse Kasumbalesa. Baada ya siku 15 za kwanza kizuizi huongezwa mwezi kwa mwezi, basi kila kinapojadiliwa mnayo nafasi ya kuomba. Katiba, kifungu cha 17, inasema kwamba uhuru ndio kanuni na kufungwa ni jambo la pekee.

Msafiri wa Liège
Binamu yenu amesema kweli, ila si yote. Tangu mwaka 2014 Ubelgiji inaruhusu hata mtu anayesubiri kesi awekwe chini ya bangili, lakini huyo hatoki nyumbani isipokuwa kwa sababu iliyokubaliwa. Bangili ya setilaiti huchajiwa kila siku; betri ikizimika, kituo kinapokea alamu. Nikifikiria mtaa wetu wa Katuba na umeme wake, naona mtu angerudishwa ndani kwa kosa la waya. Senegali ilipitisha sheria yake mwaka 2020, kwa hiyo siku moja jambo hili litatufikia, lakini hatuwezi kulianza bila umeme.

Mama Mapasa
Mwanangu, shemeji yangu aliachiliwa kwa njia hiyo ya dhamana. Kilichomsaidia ni karatasi: hati ya makazi, barua ya mkuu wa mtaa, na mjomba wake aliyefika mwenyewe kusema kwamba atakaa naye. Fedha lipeni kwa karani wa mahakama na mdai risiti, kwa sababu hurudishwa mshitakiwa akitimiza masharti, na bila risiti hamtakuwa na la kudai. Sisi tulitaka kuharakisha, tukampa mtu wa njiani, na tukalipa mara mbili.

Fundi wa Katuba
Asante, Mama, na nyote mliojibu. Kijana wa dola 300 nimeshamkatalia. Alipoulizwa bangili inachajiwaje, alinyamaza. Baba mdogo anayeishi Ruashi amekubali kumpokea. Swali langu lililobaki ni hili: mdogo wangu hana kitambulisho kingine ila kadi ya mpiga kura yenye anwani ya Katuba. Je, barua ya mkuu wa mtaa wa Ruashi itatosha?

Mtetezi wa Kamalondo
Haitatosha peke yake. Baba mdogo aje na hati ya nyumba yake, au mkataba wa kupanga, na asimame mbele ya hakimu siku hiyo.