Yule "mchambuzi wa Balkan" kaniponza, ati chama chote kinaenea kwenye bajaji!!!

MpangajiNoviSad:
Wakuu leo sina hata salamu. Jina sitaji maana mnamjua wote, yule wa kofia ya sufu mpaka Julai, miaka mitatu hapa Serbia skolashipu imemshinda af anajiita mchambuzi. Jana kwa ujinga wangu nikamkaribisha kahawa kwa bibi mwenye nyumba wangu. Bibi ni Mmontenegro wa Lovćenac, kijiji kile cha Vojvodina, kaskazini mwa Serbia, ambacho Wajerumani waliondolewa baada ya vita vya pili wakaletwa watu wa milimani Montenegro kupewa mashamba, wakakiita jina la mlima wa kwao Lovćen, wakati pale ni tambarare tupu, kichuguu ukikiona piga picha. Na ni mwanachama wa kile chama kidogo cha Wamontenegro wa Serbia, kadi inakaa kabati la vioo pamoja na vikombe visivyoguswa.

Bibi anaeleza taratiiibu jinsi wanavyopigania watoto wafundishwe Kimontenegro, jamaa akacheka kahawa ikamtokea puani. Akasema "bibi, chama chenu chote si kinaenea kwenye bajaji, na nyie si Waserbia tu wa mlimani?" Bibi hajui bajaji ni nini. Sasa mtu mwenye akili si anaishia hapo? Huyu akachukua leso ya karatasi AKAMCHOREA. Magurudumu matatu, vichwa vitatu ndani, na bendera juu. Mbele ya kadi ya chama!! Bibi akaiangalia ile leso kama dakika kumi na tano hivi, akaikunja nne, akatia mfuko wa aproni, af akanigeukia MIMI: "mwisho wa mwezi." Mimi niliyekaa kimya kama sufuria!

Yani alichora na bendera wakuu.

KijanaWaStendi:
Kwa hiyo gazeti lote hili ni kwamba unatafuta chumba 😂

mzee_wa_takwimu:
Bajaji ni kejeli ila tuseme ukweli. Kwa sheria ya kule chama cha kawaida kinataka saini 10,000 kusajiliwa, cha jamii ndogo 1,000 tu. Na kwenye kura hawabanwi na kile kizingiti cha kura za kuingia bungeni, zamani asilimia 5, tangu 2020 ni 3. Wao wanatafuta kama asilimia 0.4 tu wapate kiti kimoja kati ya 250. Ndo maana wajanja wanapitia mlango huo, 2012 kuna kikundi kilichojiita "hakuna jibu kati ya yaliyopo" kikajisajili kama chama cha Wavlah, jamii nyingine ndogo ya Serbia, na kikaingia bungeni kweli. Kiti 1! Sasa mtu akiona chama kidogo cha kabila lazima aulize ni wenyewe au ni wahuni.

MpangajiNoviSad:
Mkuu hawa ni wenyewe! Sensa ya 2011 Wamontenegro wa Serbia walikuwa elfu 38 na ushee, ya 2022 kama elfu 20. Watu wanayeyuka, watoto wanajiandikisha Waserbia, halafu wewe unakaa unawachora vichwa vitatu? Wilaya yao ya Mali Iđoš Kimontenegro ni lugha rasmi, kina mpaka herufi zake mbili, ś na ź. Bibi alikuwa ndo anafika hapo kwenye herufi. Hakufika, leso ikaingia.

KijanaWaStendi:
Herufi mbili ndo lugha? Basi na mtaani kwetu tudai bunge

Dada_wa_Budva:
Huku Montenegro yenyewe ni kinyume mnajua, wanaolia kuonewa ni Waserbia, na wao ni kama theluthi ya nchi. Wadogo ni Wabosniak, Waalbania wa Ulcinj, Wakroatia wa Tivat. Kizingiti ni 3 ila orodha zao zinakubaliwa hata na 0.7, Wakroatia 0.35 wanapata kiti kimoja kati ya 81. Mkroatia mmoja bungeni anapigiwa simu kuliko waziri. Ila mimi nilikuja kusema hivi, nimefanya msimu mzima hotelini Juni mpaka Septemba, bosi hela ya mwezi wa mwisho hajatoa mpaka leo, kila siku "sutra, sutra". Hiyo sutra ni kesho gani isiyofika??

Mshamba_wa_Beograd:
Sutra ya kule ni ugonjwa pole dada. Mimi fundi wa hita ananiambia sutra tangu Novemba

Pemba_kwetu:
Wamontenegro wenzenu 2006 waliulizwa tu kwa kura kama wanataka kujitenga na Serbia, mstari ukawekwa asilimia 55, wakapata 55.5 wakachukua nchi yao salama. Nusu ya asilimia! Ss huku tukitaja...

mzee_wa_takwimu:
Shekhe usianze. Mod atafunga uzi.

Pemba_kwetu:
Nimesema nini sasa? Nimetaja namba tu

Wa_Kisumu_Ndogo:
Huyo wa kofia ako na euro hamsini yangu tangu mwaka jana. Akiwa pale nijulisheni nikuje

Mshamba_wa_Beograd:
Na jaketi langu!! Alisema anaenda nalo interview

Dada_wa_Budva:
Kumbe ndo yule aliyekula futari ya watu na hakufunga

KijanaWaStendi:
Ndo huyohuyo, na chombo hakurudisha

MpangajiNoviSad:
Wakuu turudini kwenye leso. Bibi kaibandika kwenye friji, asubuhi kaniuliza kichwa cha katikati ni nani. Nimjibu nini?

Mshamba_wa_Beograd:
Kuna mtu anakuja kutoka Dar tarehe 12, ana nafasi ya sembe kilo nne, nani anataka?

Wa_Kisumu_Ndogo:
Mbili zangu

Dada_wa_Budva:
Dagaa hana?