Je, tumuunge mkono mgombea wa miaka 27 kuwa mwenyekiti wa LC3?

Mchuuzi wa Mpakani
Majirani zangu, binti wa miaka 27 anaomba kura za uenyekiti wa LC3, yaani baraza la gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya), hapa kwetu Busia, Uganda, nami nasema wazi kwamba nitampigia. Fedha za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya muluka (eneo dogo ndani ya gombolola), zilipofika mulukani, shilingi milioni 100 ambazo kwa milioni moja moja huwatosha watu 100 tu, ni yeye aliyeandika majina ya wapokeaji kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya manila na kuitundika kwenye mwembe wa uwanja wa mikutano. Hapo ndipo tulipoona majina mawili ya watu waliokwisha kuhama. Ninyi mwaonaje?

Mwalimu Mstaafu
Kazi hiyo naiheshimu. Lakini vijana wana viti vyao katika baraza la gombolola, viwili, kimoja cha mwanamke. Kwa nini asianzie huko, akajifunza kuendesha kikao na kusoma bajeti? Hata mwenyekiti wa wilaya alitakiwa awe ametimiza miaka 30, mpaka Bunge lilipoondoa sharti hilo mwishoni mwa 2017 pamoja na ukomo wa umri wa rais. Isitoshe, mtoto ambaye bado analala kwa baba yake ataamuaje ugomvi wa mipaka ya mashamba?

Jirani wa Kisimani
Mwalimu, shikamoo. Hilo la kulala kwa baba yake limenichoma, kwa kuwa nyumba zetu zinatazamana. Mzee wake amepooza upande mmoja, na kila alfajiri binti huyo humwogesha, humkalisha kibarazani na kumwekea uji karibu na mkono unaofanya kazi, ndipo aende kufungua duka. Angehama, mngesema amemtupa mzazi. Na kesi ya mpaka wa shamba huanzia mahakama ya LC2, baraza la muluka, haianzii kwa mwenyekiti wa LC3.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Habari za ugonjwa wa mzee sikuzijua, na kwa neno lile naomba radhi. Hata hivyo, kumuuguza baba ni wema wa nyumbani, na mimi nauliza juu ya uongozi. Nimesomesha miaka 31. Sipendi kuonyeshwa kama adui wa vijana niliowafundisha kusoma.

Dereva wa Bodaboda
Mwalimu, hakuna aliyekuita adui. Mbona tumesahau kwamba mwaka 2012 Proscovia Alengot Oromait alichaguliwa kuwa mbunge wa Usuk akiwa na miaka 19? Ikiwa Bunge lilimpokea msichana wa umri huo, gombolola inaogopa nini?

Mwalimu Mstaafu
Kiti hicho kilikuwa cha marehemu baba yake, kijana wangu. Mfano huo unaonyesha nguvu ya jina la ukoo.

Mchuuzi wa Mpakani
Basi huyu wetu hana jina la kumbeba, na hiyo ni sababu nyingine ya kumpa kura. Kinachonikosesha usingizi ni yale niliyoyaona Jumapili, mgombea mwingine alipogawa sabuni na chumvi kando ya barabara, na watu wazima, wakiwemo wazee tunaoambiwa wana busara ya miaka mingi, wakapanga mstari kuzipokea.

Dereva wa Bodaboda
Nami nilipokea kipande cha sabuni, sitaficha. Mke wangu alikuwa na nguo za mtoto za kufua na nyumbani hatukuwa na shilingi. Unaponihukumu, ujue hilo pia.

Jirani wa Kisimani
Hakuna anayekuhukumu, kaka. Aliyeleta sabuni ndiye wa kuulizwa kwa nini pampu ya kisima chetu imekaa bila mpini tangu kiangazi kilichopita, naye alikuwa ndani ya baraza lililopitisha bajeti.

Mwalimu Mstaafu
Suala la pampu ni la haki kabisa. Mwambieni binti aje kwangu Jumamosi jioni na nakala ya bajeti ya gombolola. Tutaisoma pamoja, mstari kwa mstari, na akinieleza fedha za maji ziliingia wapi, nitamtafutia kura mwenyewe.